Chilterns, Cotswolds, Peak au Shropshire: vilima vipi kwa siku moja ya baiskeli Uingereza?

Mtu anayetaka siku moja ya baiskeli mashambani Uingereza, bila mbio, na chakula cha mchana katikati, mara nyingi hukwama kati ya majina haya manne. Picha hazimsaidii, kwa sababu zote zina kondoo, kuta za mawe na mnara wa kanisa nyuma ya miti. Tofauti utaiona miguuni.

Kwa kimo, vilima vyenyewe si vya kutisha. Haddington Hill, sehemu ya juu kabisa ya Chilterns, ina mita 267 tu, na Cleeve Hill ya Cotswolds ina 330. Aliyekulia Lushoto au Kisii atacheka. Asicheke mapema. Barabara ya Mombo kwenda Lushoto hupinda na kupinda ili lori liweze kupanda. Vijia vingi vya mashambani Uingereza vilianza kama njia za miguu na mikokoteni, navyo huukabili mlima uso kwa uso. Mita 100 za kimo zinaweza kumalizwa ndani ya kilomita moja, yaani mwinuko wa 10%. Kisha unateremka zote hadi kwenye kijito na kuanza upya. Huko kuanza upya ndiko kunakomaliza watu.

## Vya kupima kabla ya kuchagua

Cha kwanza ni jinsi kupanda kulivyogawanywa: mlima mmoja mrefu, vilima vingi vifupi, au mwinuko mdogo usiokatika. Cha pili ni njia yenyewe, lami au changarawe, na magari yanayopita hapo. Cha tatu ni treni, kwa sababu wengi hawana gari la kubebea baiskeli. Cha nne ni chakula na mahali pa kujikinga mvua ikikushukia.

Kilomita peke yake hudanganya. Chukua jumla ya mita za kupanda, ambazo programu yoyote ya ramani za baiskeli hukuonyesha, ugawanye kwa kilomita. Chini ya mita 8 kwa kilomita ni siku ya kuendesha huku mkipiga soga. Kati ya 10 na 13 ni vilima vya kawaida vya huko. Zaidi ya 15, hesabu kwamba umekwenda kazini. Kwa muda, piga kilomita 15 kwa saa, kisha ongeza dakika 10 kwa kila mita 100 za kupanda. Safari ya kilomita 40 yenye mita 500 inatoka saa tatu na nusu za kupiga pedeli. Weka chakula, picha, malango ya kufungua na kufunga, na itakula saa sita bila ubishi.

Ukiwa na ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la taifa la huko, tafuta vishale vidogo juu ya barabara. Kishale kimoja ni mwinuko wa 14% hadi 20%. Viwili ni zaidi ya 20%. Vyote huelekeza bondeni. Kama kwenye mzunguko wako vishale vinaelekeza unakotoka, yaani nyuma yako, utavipanda. Geuza mzunguko, au tafuta njia nyingine.

## Mlima ulivyo

Chilterns ni mwamba wa chaki. Upande wa kaskazini-magharibi unakatika ghafla kuelekea uwanda wa Aylesbury, na huko ndiko kwenye milima mikali: Kop Hill, karibu na Princes Risborough, hufika 25% mahali pake pabaya. Upande wa kusini-mashariki hushuka polepole ukiwa umekatwa na mabonde makavu. Siri ya hapa ni kupandia bondeni. Toka Henley-on-Thames, fuata mto hadi Mill End, ingia bonde la Hambleden, upite Skirmett na Fingest hadi Turville: unapanda bila kuhisi. Mlima wa kweli ni mmoja, kutoka Turville hadi Turville Heath, halafu unateremkia Stonor na kurudi Henley. Mzunguko wote hauzidi kilomita 30. Ukiuendesha kinyume bado unapendeza, ila kupanda kutakuwa kwa muda mrefu zaidi na kwenye barabara yenye magari mengi kidogo.

Cotswolds ni kama meza iliyoinuliwa upande mmoja. Ukingo wa magharibi, kule Broadway na Cleeve Hill, ni mkali. Kutoka hapo ardhi inainama taratibu kuelekea kusini-mashariki. Anayeanzia Kingham au Charlbury yuko upande wa upole. Lakini mito ya Evenlode, Windrush na Dikler imechimba mabonde, na vijiji vizuri viko ndani ya mabonde hayo, kwa hiyo kila kuvuka kutoka bonde hadi bonde ni kupanda na kushuka. Mzunguko wa kawaida ni Kingham, Bledington, Icomb, Bourton-on-the-Water, Lower Slaughter na Upper Slaughter, Lower Swell, Stow-on-the-Wold, kisha kurudi Kingham: kama kilomita 35, na milima miwili ya kutoa jasho. Wa pili, wa kuingia Stow, unakujia baada ya chakula, wakati tumbo limejaa. Watu wengi husukuma hapo, na hakuna aibu.

Peak ni maeneo mawili katika hifadhi moja ya taifa, ya kwanza kutangazwa nchini humo, mwaka 1951. Barabara zake ni ngumu kuliko za Chilterns na Cotswolds: Winnats Pass hufika 20%, na hata vijibonde vya kusini, kama kule Conksbury kwenye mto Lathkill, vinakushusha kwa kona kali na kukupandisha vivyo hivyo ng'ambo ya pili. Lakini reli za zamani zilizofungwa zimegeuzwa kuwa njia za baiskeli, na treni kwa kawaida haikupanda zaidi ya 1% au 2%. Njia ya Tissington ina kilomita 21 kutoka Ashbourne hadi Parsley Hay. Unapanda zaidi ya mita 200 kidogo kidogo, kisha unarudi kwa kuteremka. Isipokuwa mahali pamoja: karibu na Ashbourne daraja la reli juu ya Bentley Brook liliondolewa, na njia inadidimia ghafla na kupanda ghafla. Mtoto asiachwe aende kasi hapo.

Njia ya Monsal ni fupi, kilomita 13.7, na ndiyo yenye mandhari ya kusimamisha watu: mahandaki ya reli yaliyofunguliwa kwa baiskeli mwaka 2011, manne kati yake yenye urefu wa mita 400 hivi kila moja, na daraja refu la Headstone juu ya mto Wye. Taa za mahandakini huwaka mchana na kuzimwa usiku. Beba taa yako, na koti, kwa sababu ndani ni baridi hata Julai. Njia ya tatu, High Peak, inahitaji tahadhari. Ukishuka treni Cromford na kuifuata kutoka chini, unakutana na miteremko ambayo mabehewa yalivutwa kwa kamba na injini za mvuke, kwa sababu hupanda mita 1 kwa kila mita 8 au 9. Hiyo ni zaidi ya 11%, juu ya changarawe. Anzia Middleton Top au Parsley Hay na utakuwa umekwepa taabu karibu yote.

Shropshire ina migongo mirefu inayolala kutoka kusini-magharibi hadi kaskazini-mashariki: Long Mynd yenye mita 516, Stiperstones yenye 536, na Wenlock Edge. Ukienda sambamba na migongo hiyo, ndani ya mabonde, ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ukivuka, unalia. Barabara ya Burway inapanda kutoka Church Stretton hadi juu ya Long Mynd kwa ukali unaopita 20% mahali pengine, ikiwa na korongo upande mmoja bila kizuizi. Kuishuka wakati wa mvua kwa breki zilizolika ni ujinga. Kwa siku ya starehe shika bonde la Corve: kutoka Ludlow kupitia Stanton Lacy na Culmington hadi Diddlebury, urudi kwa vijia vya upande wa pili wa mto kupitia Peaton. Ni chini ya kilomita 40, vilima vidogo vidogo, na mlima Brown Clee wenye mita 540 ukitazamwa kwa mbali, mahali pake panapofaa.

## Njia, magari na pancha

Lami ya Chilterns ina adui mmoja, gumegume. Mawe haya yamejaa kwenye chaki. Mvua huyasomba hadi barabarani, na vipande vyake hukata tairi kama wembe. Ongeza vuli, wakulima wanapokata nyua za miiba, na unapata pancha mbili kwa siku. Beba tyubu mbili, vibanio vitatu vya kutolea tairi, pampu na viraka. Kabla ya kuweka tyubu mpya, pitisha kitambaa ndani ya tairi mzunguko mzima, kisha kagua nje kwa macho na utoe kila kipande kilichojichomeka. Wengi huruka hatua hiyo, wakapata pancha ya pili mita 500 mbele kwa jiwe lilelile. Kitambaa ni bora kuliko kidole, utajua kwa nini.

Cotswolds ina lami nzuri, lakini ina watu. Wikendi za Julai na Agosti barabara za kuingia Bourton hujaa magari na mabasi ya watalii, na madereva wageni kwenye vijia vyembamba. Mahali maji yanapokatiza barabara, sakafu ya saruji huota utando wa mwani unaoteleza: shuka usukume, au pita kwenye kidaraja cha pembeni.

Njia za reli za Peak hazina magari kabisa. Zina watembea kwa miguu, mbwa na farasi, kwa hiyo piga kengele mapema na upunguze mwendo. Uso wake ni unga wa chokaa uliogandamizwa. Ukavu ukiwepo ni raha. Mvua ikinyesha hugeuka uji mweupe unaosaga cheni na pedi za breki. Ukifika nyumbani mwagia maji yasiyo na shinikizo kubwa, kausha cheni, kisha tia mafuta tone moja kwa kila pingili. Ukiacha hadi wiki ijayo, umenunua cheni mpya.

Vijia vya Shropshire ndivyo vitulivu kuliko vyote. Unaweza kupita saa nzima ukikutana na trekta moja na gari la posta. Utulivu huo una bei yake: majani yaliyoota katikati ya lami, samadi konani, na vyuma vilivyolazwa barabarani kuzuia mifugo. Vyuma hivyo vivuke kwa kunyoosha usukani, bila kufunga breki wala kukata kona.

Kote huko, kikomo cha kisheria kwenye barabara nyingi za mashambani ni maili 60 kwa saa, karibu kilomita 96, hata pale ambapo magari mawili hayapishani. Aliyezoea Kenya, Tanzania au Uganda tayari ni mtu wa kushoto. Wa Bujumbura, Goma au Muscat ajikumbushe kila anaposimama na kuanza tena; makosa hutokea baada ya mapumziko, pale barabara inapokuwa tupu. Na ukiona kishale cha manjano kwenye nguzo ya njia, hiyo ni ya waenda kwa miguu, baiskeli hairuhusiwi. Cha buluu ni cha farasi na baiskeli pia.

## Treni

Chilterns inashinda kwa urahisi kwa anayeishi London. Kutoka Marylebone hadi Princes Risborough au Great Missenden ni chini ya saa moja, na Henley hufikiwa kutoka Paddington kwa kubadilisha treni Twyford. Siku za kazi baiskeli isiyokunjwa hukataliwa saa za msongamano, asubuhi kuingia mjini na jioni kutoka. Wikendi hakuna taabu. Cotswolds ni kama saa moja na nusu kutoka Paddington hadi Kingham au Moreton-in-Marsh. Weka nafasi ya baiskeli mapema, ni bure, na zinaisha.

Peak ni ya watu wa Manchester, Sheffield na Derby. Treni hufika Buxton, Hathersage, Matlock na Cromford, lakini Ashbourne na Bakewell hazina stesheni tena. Bila gari itabidi uendeshe barabarani hadi kwenye njia yako, na kipande hicho ndicho kigumu kuliko safari yenyewe. Wengi huacha baiskeli nyumbani na kukodi Parsley Hay, Ashbourne au Hassop Station, stesheni ya zamani iliyo kwenye njia ya Monsal. Ulizia kwanza, maana saa za kufungua hupungua majira ya baridi. Shropshire ina reli nzuri ya kutoka Shrewsbury kwenda Hereford, yenye stesheni za Church Stretton, Craven Arms na Ludlow, ila treni nyingi zina nafasi mbili tu za baiskeli. Watu wanne pamoja ni shida. Kutoka London, kwenda na kurudi siku hiyohiyo kunawezekana lakini kunaharibu starehe.

## Chakula

Cotswolds hutalala njaa. Kila kilomita chache kuna mkahawa, kwa bei ya watalii. Chilterns ina baa karibu kila kijiji. Kwenye njia za Peak mikahawa iko palepale zilipokuwa stesheni, na unaweza kupanga siku yako kwa kuhesabia vituo hivyo. Shropshire unabeba chako. Duka la kijiji linaweza kuwa limefungwa Jumapili mchana, na linalofuata liko nyuma ya mlima.

Jikoni za baa nyingi hufunga saa nane mchana au nane na nusu, na baa kadhaa hazifungui kabisa Jumatatu na Jumanne. Asiyekunywa pombe haoni tabu humo, chai na juisi zipo. Anayekula halali atashiba kwa supu ya mboga na viazi vya kuoka vyenye jibini au maharage. Aulize tu kama supu imepikwa kwa mchuzi wa nyama.

## Baiskeli ya kwenda nayo

Gia ndiyo inayoamua kama utapanda au utasukuma. Meno 34 mbele na 32 nyuma, ukizungusha pedeli mara 60 kwa dakika, unakwenda karibu kilomita 8 kwa saa. Kwenye mwinuko wa 10%, kwa jumla ya kilo 90 za mtu, baiskeli na mzigo, mwendo huo unadai kama wati 200, na asiye na mazoezi hachukui dakika nyingi kuishiwa. Weka 26 mbele na 34 nyuma: miguu inazunguka vilevile, unakwenda karibu kilomita 6, na wati zinashuka hadi 150 hivi. Shropshire na barabara za Peak zinaitaka gia hii ya pili. Kwenye njia za reli hata baiskeli ya gia tatu inatosha. Na ushushe gia kabla mlima haujakubana. Ukibadilisha huku umekanyaga kwa nguvu zote, cheni hukwama au kudondoka.

Tairi za upana wa milimita 35 zinafaa kote. Kwa mtu wa kilo 75, upepo wa psi 50 hadi 55 kwenye lami, 45 kwenye changarawe. Tairi nyembamba za 25 zinawezekana Cotswolds, zinaudhi Peak.

Baiskeli ya umeme hubadili hesabu yote ya milima. Betri ya Wh 500 hutoa kilomita 40 hadi 50 vilimani, pungufu kama ni baridi au unatumia msaada wa juu kabisa. Tatizo lake ni uzito, kilo 20 na zaidi, ukilazimika kuipandisha ngazi za stesheni.

## Kwa hali yako

Una watoto, au kuna mtu ambaye hajapanda baiskeli tangu shule: njia ya Monsal, kwenda na kurudi kutoka Hassop Station, na mnageuza mnapochoka. Tissington iachieni siku watakapoweza kilomita 42.

Unaishi London, huna gari, na una siku nusu tu: Chilterns. Kukiwa na upepo mkali pia ni Chilterns, kwa sababu misitu yake inakukinga, na ukitazama juu utaona mwewe wekundu waliorudishwa huko kuanzia 1989. Siku ya upepo anza safari kuelekea kusini-magharibi, ambako kwa kawaida ndiko unakotoka, ili ukusukume ukirudi.

Mko wawili, mmoja ana miguu na mwingine hana: Peak. Mwenye nguvu apite barabarani juu ya vilima, mwingine afuate reli, mkutane Parsley Hay kwa chai. Kundi la watu sita wenye viwango sita tofauti linaiwezea Cotswolds kuliko pengine, maana vijiji vimekaribiana na aliyechoka anaweza kukata njia ya mkato hadi stesheni bila kuwaharibia wenzake.

Mvua imetabiriwa na hutaki kuahirisha: bonde lenye lami, Hambleden au Corve, wala si changarawe ya chokaa. Novemba hadi Januari giza huingia saa kumi jioni, kwa hiyo gawanya kilomita zako kwa mbili na uwe na taa, popote uendako.

Kama umebaki na Cotswolds na Shropshire na roho inasita, tazama kalenda. Jumatano ya Mei, nenda Cotswolds. Jumamosi ya Agosti au wikendi yenye Jumatatu ya sikukuu, nenda Shropshire, ulale Ludlow usiku wa kuamkia safari, na uweke nafasi ya baiskeli kwenye treni ya kurudi kabla hujalipia chumba.